Msoma Umri wa Samaki

Ukiambiwa kuna mtu analipwa mshahara kwa kuchungulia masikio ya samaki, usicheke, maana mtu huyo yupo na kazi hiyo imemla ujana wake. Samaki ana sikio, ila limefichwa ndani ya kichwa, na ndani ya sikio hilo mna kijiwe cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele. Kila mwaka anaoishi samaki, kijiwe huongeza pete moja, kama shina la mti. Ukikitoa kwa kibanio, ukakisugua kwa msasa laini mpaka kipitishe mwanga, kisha ukakiweka chini ya hadubini, unaweza kuzihesabu pete hizo na kusema samaki huyu alivuliwa akiwa na miaka mingapi. Ndivyo inavyosemwa. Kwa vitendo, pete zimefifia, zimebanana, nyingine zimekatikia njiani, na watu wawili wakipewa kijiwe kimoja wanaweza kubishana mpaka chai ikapoa.

Katika kituo cha utafiti kilichokuwa kando ya mto mmoja, ubishi huo haukuwepo, kwa sababu msomaji alikuwa mmoja tu. Wenzake walimwita Jicho. Aliletwa pale kumshikia nafasi mama mmoja aliyekwenda kujifungua, na mama yule hakurudi tena. Jicho akakaa kwenye kigoda chake, mbele ya hadubini yake, katika chumba cha mwisho cha ukumbi, chenye dirisha lililopakwa rangi nyeusi ili mwanga wa nje usimsumbue. Mle ndani mlinuka spiriti. Ukuta mzima ulikuwa kabati la droo ndogondogo, na kila droo ilijaa vijiwe vya samaki waliovuliwa mwaka mmoja. Mtu akiingia kutoka uani ilibidi asimame kidogo mlangoni mpaka macho yake yazoee.

Alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Mwanzoni kabisa walimpima kwa samaki waliofugwa kituoni, ambao umri wao ulijulikana, naye hakukosea hata mmoja. Tangu siku hiyo mkuu wa kituo alimwamini kuliko alivyoziamini mashine. Mkuu huyo alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani yake kila alipotaka kusema jambo zito, na jambo lake zito lilikuwa moja: mfululizo. Kama unataka kujua mto unapona au unakufa, alisema, lazima jicho la mwaka huu liwe lile lile la mwaka jana. Ukibadilisha msomaji, hujui tena kilichobadilika ni samaki au ni mtu. Hilo ni kweli tupu, hata vitabuni limo. Ubaya wake ni kwamba ukweli huo ulikuwa umemfunga mwanamke mmoja miguu na mikono.

Maana Jicho alikuwa na mume, na mume alikuwa mwalimu, na mwalimu akahamishiwa mji wa mbali. Karibu na kituo hapakuwa na shule ya maana, hata ya chekechea, kwa hiyo binti yao akaenda na baba. Ilisemwa ni kwa muda mfupi. Binti aliondoka meno yake ya mbele yakiwa ndiyo kwanza yamejaa, na sasa yale ya utotoni yalikuwa yanang'oka moja moja. Mama mtu alijua umri wa kila samaki wa mto ule, lakini viatu vya mwanawe alinunua kwa kubahatisha, na mara zote vilibana. Aliwaona likizo kwa likizo. Siku ya kwanza binti humwonea haya, siku ya mwisho humng'ang'ania, na katikati hakuna nafasi ya kutosha kuwa mama na mwana.

Aliomba uhamisho. Akaomba tena. Huko mji wa mbali kulikuwa na maabara ya maji ambayo ingempokea siku hiyo hiyo.

"Mwaka huu hapana," mkuu alimwambia, akifuta miwani. "Wewe ni nguzo yetu hapa."

Nguzo haitoki ilipochimbiwa, na mtu akikuita nguzo jiulize kwanza anataka kukuegemeza nini. Yeye alikuwa ameegemezwa mto mzima. Kwa umri aliousoma ndipo wasimamizi wa mto walipoamua nyavu ziwe na matundu ya ukubwa gani, mto ufungwe miezi ipi, na vilindi vya chini ya bwawa la umeme, ambako samaki hukusanyika kuzaa, viguswe au visiguswe. Usiku alilala peke yake katika nyumba ya wafanyakazi, na asubuhi alirudi kwenye giza lake. Alichoka. Kuna siku aliwachukia samaki kama mtu anavyoweza kuwachukia ndugu wa mume.

Hatimaye makao makuu yakamwonea huruma. Barua ikaja ikisema: atafutwe mrithi, afundishwe, na siku mrithi atakaposoma vijiwe sawasawa na msomaji wa sasa, msomaji huyo aruhusiwe kwenda kwa familia yake. Kipimo chenyewe kilikuwa cha haki. Wote wawili wangesoma vijiwe vile vile, kila mmoja peke yake, bila kuonyeshana, kisha mkuu angelinganisha.

Mrithi akaja. Alikuwa mwanamke mwenye shahada na madeni ya ndugu, aliyetoka kwenye vibarua vitatu ambavyo vyote viliisha kabla hajazoea njia ya kwenda kazini. Watu wa kituo, kwa utani wao, wakamwita hivyo hivyo, Mrithi, hata mbele ya wageni.

Mara ya kwanza majibu hayakupatana. Mara ya pili vivyo hivyo. Kila mara Mrithi alihesabu miaka michache kuliko Jicho, na kwa samaki wakubwa tofauti ilikuwa ya kutia aibu. Jicho akamkalisha kwenye hadubini, akasimama nyuma ya bega lake.

"Hebu nihesabie kwa sauti."

"Moja," alisema Mrithi. "Halafu hii hapa na hii iliyo karibu yake... mbili."

"Hizo ni pete mbili. Kwa nini unazifanya moja?"

"Naona kama zinakwenda kwa jozi, dada. Moja nene, moja nyembamba. Nyembamba naona kama haijakamilika."

"Kila pete ni mwaka. Ukianza kuchagua ipi umeipenda, utasoma unavyotaka wewe, si anavyosema samaki."

"Lakini dada, hebu fikiria..."

"Usifikirie. Hesabu."

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na sijui kama walijua usemi wao ungefanya kazi hata kwa wasomaji wa samaki. Jicho alimkunja Mrithi. Hakuwa na ubaya moyoni. Alikuwa na haraka. Kila jozi ambayo mwenzake aliifanya moja ilikuwa mwezi mwingine wa kulala peke yake. Alimrudisha kwenye kijiwe kimoja asubuhi nzima. Alimpigia mstari kwa kalamu juu ya picha, pete hii, na hii, na hii. Akimpata amekosea alifuta jibu na kumwanzisha upya. Mrithi alitoka mle ndani macho mekundu, akaenda kunywa maji uani, akarudi, akahesabu.

Na kweli, mambo yakaanza kunyooka. Tofauti zikapungua, zikapungua, mpaka siku moja mkuu akaingia mwenyewe chumbani mle bila kungoja macho yake yazoee, akajikwaa kwenye kigoda.

"Nyinyi sasa ni pacha," alisema, akisugua goti. "Sijui nani amesoma nini."

Barua ya uhamisho ikasainiwa siku ile ile. Jicho alimpigia mumewe simu akiwa bado amesimama uani. Mume ni mtu wa hesabu, akaanza kupanga hapo hapo. Alisema ataanza kwa kutoa madaftari yake kwenye kile chumba kidogo ili binti ahamie humo na kitanda kikubwa kirudie kazi yake. Jicho akacheka kwa sauti mpaka mlinzi akageuka. Akafunga virago. Vyombo akagawa, godoro akampa mfagizi, na kwa Mrithi aliacha koti lake jeupe la kazini kwa kuwa miili yao ililingana.

Hapo ndipo alipoingia Fundi Matangi.

Huyu alikuwa mtunza matangi ya zege nyuma ya kituo, ambamo vifaranga vya samaki vilikuzwa na kuachiwa mtoni. Kabla ya kuwaachia, baadhi yao aliwatia uzi mfupi wa plastiki mgongoni, kila kundi rangi yake, ili wakivuliwa tena wajulikane. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyerudi. Watu walimtania kwamba anashona nguo za mamba. Siku hiyo alikuja na ndoo, anatembea kwa maringo kama bwana harusi.

"Mwanangu amerudi," alisema, akainamisha ndoo. Ndani yake alikuwamo samaki mpana wa magamba, amenona, na mgongoni uzi wa njano uliofunikwa na ukungu wa kijani. "Wavuvi wameniletea asubuhi. Nisomee kabla hujaenda, nijue kama kazi yangu ni kazi."

Jicho hakuona sababu ya kukataa. Alivaa koti aliloligawa, akapasua kichwa, akatoa kijiwe, akakisugua. Akasoma.

"Sita," alisema. "Ana miaka sita. Hongera, fundi."

Fundi Matangi alitazama ndoo, kisha akamtazama yeye. Alidhani anataniwa.

"Sita ya wapi, dada? Wa njano niliwatoa mwaka ule binti yangu alipoolewa. Na wewe ulikula pale. Mjukuu wangu hajatimiza hata miaka miwili."

"Labda uzi wa njano ulitumika na zamani."

"Zamani nilikuwa na nyekundu. Njano ilinunuliwa harusi ikiwa wiki ile ile, mke wangu akanisema kwamba nyuzi za samaki nimezipata na nyuzi za mapambo sijazipata. Huyu ana miaka mitatu, na mitatu yenyewe nimempendelea."

Jicho akarudi kwenye hadubini. Pete sita zilikuwepo, safi, hazina ubishi. Lakini sasa, kwa kuwa alijua jibu, aliona kitu ambacho alikuwa amekiona kila siku na kukataa kukitazama. Zilikwenda kwa jozi. Nene, nyembamba. Nene, nyembamba. Nene, nyembamba.

Alimuaga Fundi kwa maneno mawili matatu, akafunga mlango, akaanza kufungua droo. Alianza na za nyuma kabisa, zile za siku zake za kwanza. Pete mojamoja, zimeachana vizuri, kama alivyozikumbuka. Akaja mbele, droo kwa droo. Mojamoja bado. Kisha akafika mwaka ule bwawa la umeme lilipoanza kufungua milango yake ya chini wakati wa kiangazi, na kumwaga mtoni maji ya baridi yaliyolala gizani. Kuanzia hapo pete zilikuja mbili mbili. Baridi ile ilimdumaza samaki kwa wiki kadhaa, mwili ukasimama, kijiwe kikaandika pete nyembamba ambayo haikuwa mwaka wowote. Yeye akaihesabu mwaka. Alifundishwa jicho lisibadilike, na kweli halikubadilika. Mto ndio uliobadilika, chini ya pua yake, naye alikuwa na bidii mno ya kuwa yule yule wa jana.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila Jicho hakutia maji makusudi, na hilo halikumpunguzia kitu. Roho ilimshuka. Kila mwaka tangu bwawa, ripoti za kituo zilisema mto ule umejaa samaki wakongwe, wazee wenye nguvu waliokwepa nyavu, dalili kwamba kila kitu ni shwari. Hakukuwa na wazee. Walikuwa vijana waliozidishiwa umri, na wazee wa kweli walikuwa wamekwisha kuvuliwa. Na wiki iliyokuwa inakuja mkuu alikuwa akienda kwenye kikao cha mto na ripoti hiyo hiyo mkononi, kupendekeza vilindi vya chini ya bwawa vifunguliwe kwa uvuvi. Nyavu zikiingia mle msimu mmoja tu, kinachobaki kingeweza kuhesabiwa na mtoto.

Sitamsafisha. Alikaa kwenye kigoda akafikiria kunyamaza. Barua ilikuwa mkobani. Basi lilikuwa la kesho kutwa. Fundi Matangi angesahau, au angeambiwa kwamba uzi ulichanganywa, na nani angemsikiliza mtu wa ndoo. Jicho alimwona binti yake akiamka asubuhi kwenye chumba kile kidogo na kumkuta mama jikoni bila kushangaa. Alikitaka kitu hicho kwa njaa. Kisha akafikiria njia ya tatu, nzuri kabisa: amwachie Mrithi. Mrithi aliziona jozi tangu mwanzo. Yeye aende zake, na Mrithi arekebishe.

Alimkuta uani ananyoosha mgongo kwenye jua.

"Zile jozi," Jicho alisema. "Uliziona."

Mrithi hakujifanya hajui. "Niliziona."

"Kwa nini uliacha kusema?"

"Dada, nilisema. Uliniambia nisifikirie, nihesabu." Alisema bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Na mimi kazi nilikuwa naihitaji."

"Sasa ulikuwa sahihi. Nimepata ushahidi. Njoo unisomee kile kijiwe kama ulivyosoma mwanzo."

Wakaingia. Mrithi akainama kwenye hadubini. Alikaa muda mrefu, akasogeza kioo, akaongeza mwanga, akapunguza. Alipoinua uso alikuwa kama mtu aliyeitwa jina asilolijua.

"Sita," alisema. "Nikijikaza nione tatu, bado naona sita. Siwezi tena kuchagua ipi ni ipi. Zote naona ni sawa."

Jicho alishika ukingo wa meza. Mpaka dakika ile alikuwa na mlango mmoja wa kutokea, na aliuziba mwenyewe kwa mikono yake, asubuhi baada ya asubuhi, akisimama nyuma ya bega la mtu. Alilia mle gizani na Mrithi akamshika mgongo, jambo ambalo hakustahili.

Kwa mkuu alikwenda akiwa ameshanawa uso. Alimwekea kijiwe cha uzi wa njano, kimoja cha kabla ya bwawa, kimoja cha baada, na akasema yote kwa mfululizo bila kujitetea. Mkuu alifuta miwani hata nguo ya kufutia ikachoka. Hakumkaripia. Aliuliza kama ana uhakika, akaambiwa ndiyo, akauliza tena. Kisha akavuta ripoti ya kikao kutoka kwenye faili lake na kuipasua nusu, taratibu.

"Vilindi vitabaki vimefungwa," alisema. "Nitakwenda niwaambie tulikosea."

"Nilikosea mimi."

"Kituo kilikosea. Lakini kurekebisha..." Jicho alijua kinachokuja kabla hakijafika. "Vijiwe vyote tangu bwawa inabidi visomwe upya. Kila kimoja mara mbili, kwa jicho la zamani na kwa jicho jipya, ili tujue kosa lilikuwa kubwa kiasi gani kila mwaka. Na jicho la zamani ni lako peke yako."

"Mrithi atasaidia."

"Mrithi ataanza kujifunza upya, pamoja na wewe." Mkuu aliangalia pembeni. "Barua sitaifuta. Nitaandika imesogezwa mbele."

"Mpaka lini?"

"Mpaka droo ya mwisho."

Kabati lilikuwa ukuta mzima. Jicho alishukuru, maana ndivyo tulivyolelewa, mtu anakufunga nawe unasema asante, akatoka.

Alipiga simu jioni, ameketi sakafuni kwa kuwa godoro lilikuwa limekwenda. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho. Alimweleza jozi, baridi, vilindi, kila kitu, akitaka aelewe, na mume alielewa, yeye ni mtu wa hesabu.

"Ulifanya sawa," alisema hatimaye.

"Niambie nilifanya vibaya. Niambie nije tu."

Kwa nyuma ilisikika sauti ya kitu kinaburutwa sakafuni.

"Anahamisha viti vyake vya wanasesere," mume alisema. "Anapanga chumba. Ngoja nimpe mwenyewe."

Simu ikabadilisha mikono. Jicho alisikia pumzi ndogo, ya mtu aliyekimbia.

"Mwanangu," alisema, "mama hataweza kuja kesho kutwa. Kuna kazi kidogo imebaki."

Alingoja kilio. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, alikuwa hata na maneno ya kukibembeleza. Binti hakulia. Alifikiri kidogo, kisha akajibu kwa sauti nzuri, ile ya adabu ambayo watoto hufundishwa kuitumia mlangoni watu wanapoaga.

"Haya, mama. Karibu siku nyingine."